Mrija wa Njano Nilioutoa Sadaka

Jumamosi, jioni. Mvua nyembamba imepita, mawingu yameshuka mpaka kwenye migomba, na mlima hauonekani kabisa, kama vile umeingia ndani kulala. Nimekaa barazani na jiko la mkaa miguuni, chai ya tangawizi pembeni, simu mkononi. Mwili umechoka. Moyo umetulia.

Hamjambo wenzangu? Habari za huko mliko, na afya zenu? Yule dada aliyeniandikia kwamba mgongo unamsumbua, umepata nafuu? Sisi hapa Lemara, Arusha, tuko wazima. Baba Upendo anakoroma kwenye kochi, miguu yangu inalalamika kwa baridi kama kawaida yake, lakini leo hata miguu nimeisamehe.

Leo binti yangu ameingia chini ya maji, na ametoka.

Naanza na hilo ili msisome huku mmeshika vifua kama nilivyoshika mimi. Ametoka mzima. Sasa hivi yuko chumbani amelala, na nimeshapita mlangoni mara kadhaa nikijifanya natafuta ufagio, kumbe nasikiliza anavyopumua.

Kwa wanaonisoma kwa mara ya kwanza, Upendo ni kitinda mimba wangu. Anafundisha watoto kuogelea kwenye bwawa la hoteli moja mjini. Hapo hapo bwawani ndipo alipokutana na mwalimu mmoja, mtu wa Tanga, anayefundisha kupiga mbizi: ile ya kubeba mtungi wa hewa mgongoni na kushuka chini kabisa. Akajifunza, akaipenda, na sasa amepata kazi pwani ya kuwaongoza wageni wanaokwenda kuangalia samaki na matumbawe. Mwalimu akasema kabla hajaondoka, Upendo na wenzake watafanya zoezi la mwisho kwenye ziwa la Duluti, hapo Tengeru, kwa kibali. Bwawa lina ukuta wa kushika. Ziwa halina.

Mimi nimezaliwa Kilimanjaro, kwa watu wa mlimani. Maji kwetu ni kitu kinachopita kwenye mfereji chini ya migomba, kinakunywesha na kinaendelea na safari yake. Hakuna mtu aliyewahi kuzama kwenye mfereji, labda awe ametoka kunywa pombe ya mbege. Sasa mtu akuambie mwanao anakwenda kushuka kwenye ziwa ambalo hata wakubwa hawataji kina chake bila kutikisa kichwa, unajibu nini?

Katika nyumba yetu mtoto haondoki kwenda kazi ya mbali bila baraka za wazazi wote wawili. Baba yake alimpa siku ile ile, kirahisi kabisa, kama mtu anayempa mtoto hela ya sukari. Mimi nilisema, "Nikuone kwanza kwa macho yangu ukiingia na ukitoka. Ukitoka, nitakubariki."

"Na ukiogopa, Mama?"

"Nikiogopa, tutaona."

Akaniangalia, akasema taratibu, "Usiponibariki siendi."

Basi. Tangu hapo mzigo ukawa wangu. Hakusema kwa hasira, na ndiyo maana uliniuma. Angalau mtoto akikugombeza unaweza kumgombeza na wewe.

Sasa niwaambie habari ya mrija, kwa sababu bila mrija hamtaelewa siku yangu ya leo.

Katika vifaa vya Upendo kuna bomba la plastiki la rangi ya njano, limepinda kidogo, lina kipande laini cha kuuma kwa meno. Wenyewe wanaliita snokeli. Unauma huku chini, ncha ya juu inasimama nje ya maji, basi unaweza kulala kifudifudi juu ya maji ukapumua bila kuinua kichwa. Mimi nilidhani kila mpiga mbizi lazima awe nalo. Kumbe wenyewe kwa wenyewe hawaelewani! Wanabishana juu ya kibomba hicho kuliko wazee wa kanisa wanavyobishana juu ya rangi ya mapazia.

Nimewasikia kwenye meza yangu mwenyewe. Baraka, kijana wa Themi anayejifunza na Upendo na ndiye mwenzake wa kushuka naye, alikuja kula makande kwangu. Ni kijana mzuri, ana ndevu nyingi na maneno mengi.

"Mama, nisaidie kumwambia binti yako," alianza. "Una mtungi mzima wa hewa mgongoni. Kibomba cha kunyonyea soda cha nini?"

"Hewa ya mtungi inaisha," Upendo akamjibu. "Ukitokea mbali na boti, utarudi na nini?"

"Nitarudi chali! Koti la kuelea nimelijaza upepo, naelea kama boya, napiga miguu huku naangalia mawingu. Hilo bomba lako linaning'inia kwenye miwani, linavuta nywele, likinasa kwenye majani miwani inatoka. Halafu utalia."

"Mimi silining'inizi. Naweka mfukoni, pajani."

"Mfukoni weka karanga."

Nilicheka mpaka makande yakanipalia. Lakini nani yuko sahihi, hilo lilinipita. Mimi ni mtu wa kuuza mayai na mtindi sokoni Levolosi, elimu yangu ni ya darasa la saba. Nilisikiliza tu kama mtu anayesikiliza mpira wa redioni bila kujua timu.

Kisha siku moja nikamsikia Upendo akiongea na simu jikoni. "Mwalimu kasema snokeli si lazima," alisema. "Kila mtu aamue mwenyewe, ila aje aeleze sababu." Mimi nilishika ile nusu ya kwanza tu. Si lazima. Nikaona limekaa stoo juu ya gunia la pumba, limeshika vumbi, na mwenyewe ameshasema si lazima.

Na Jumapili ilikuwa sikukuu ya mavuno.

Mnaosali kwetu mnajua. Siku ya mavuno unapeleka mbele ya Bwana ulichopata: ndizi, mahindi, kuku, maziwa, mtu mwingine hata kiti alichokichonga. Baada ya ibada vitu vinanadiwa pale nje, waumini wananunua, na kinachopatikana ndiyo sadaka. Mimi nilijaza kikapu: mkungu mdogo wa ndizi, trei ya mayai, maharage. Kikaonekana bado kina nafasi. Nikaona lile bomba, nikalipangusa kwa upande wa kanga, nikalichomeka katikati ya maharage na mayai. Nikajiambia kisicho na kazi nyumbani kitapata kazi kanisani.

Leo nikiwaza naona aibu kidogo. Kumpelekea Mungu kitu kwa sababu hakina kazi! Lakini ndivyo nilivyofanya, tena nikiimba.

Mnadishaji alikuwa mzee wa kanisa mmoja mcheshi sana. Alilinyanyua juu watu wote walione. "Hili ni bomba la nini, wapendwa? La kunywea uji bila kuinama?" Watu wakavunjika mbavu. Akina mama wa kwaya wakaanza kunisukuma, wakisema Mama Upendo ametoa bomba la hospitali. Akajitokeza Mzee Mollel, mfugaji wa kule mbele ya Kisongo. Binti yake ameolewa mtaani kwetu na siku hiyo alikuja kusali nasi. Alilichukua, akalipuliza, akalichungulia kama bunduki, akalinunua. Hakuna aliyeshindana naye.

Nilirudi nyumbani nimefurahi.

Upendo alilitafuta katikati ya wiki. "Mama, umeona mrija wangu wa njano?"

"Si ulisema hauna kazi?"

"Nilisema si lazima, Mama. Si lazima na hauna kazi ni mambo mawili." Akasimama na mikono kiunoni. "Uko wapi?"

Nilipomwambia, alikaa juu ya gunia la pumba. Nilitegemea atanikasirikia. Badala yake mabega yakaanza kutikisika, nikajua anacheka. "Yaani mama yangu amenadi pumzi zangu kanisani." Baba Upendo naye akatoka chumbani kuja kucheka, na hakuwa hata ameombwa.

Lakini mimi sikucheka. Nilimuuliza kama bila lile bomba anaweza kuzama. Akasema hapana, vifaa vya lazima viko, bomba ni tahadhari tu. Nikamuuliza sasa kwa nini yeye anapenda kulibeba. Akasema, "Kwa sababu siku litakapohitajika sitaweza kurudi nyumbani kulifuata." Na dukani mjini snokeli hazipatikani kirahisi; lile aliachiwa na mgeni mmoja ambaye yeye alimfundishia mtoto wake kuogelea.

Neno hilo liliondoa usingizi wangu. Nikaamua nitamfuata Mzee Mollel.

Nilikwenda asubuhi, nimebeba kipande cha mpira wa maji ambacho Baba Upendo alikikata kwenye bomba lake la kumwagilia ili mzee naye asikose bomba, na kuku mtetea mzuri, mwekundu, anayetaga. Nikamkuta mzee zizini, ameshika ndama kichwa kwapani, na lile bomba la njano liko mdomoni mwa ndama! Kijana wake wa kazi hakuwepo, alikuwa peke yake anamimina dawa ya minyoo kwa chupa. Ndama anameza bila shida yoyote.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, yeyo. Karibu, shika mkia huo."

Yeyo kwa Kimaasai ni mama. Nikashika mkia. Ungefanya nini? Tulipomaliza nikamweleza shida yangu. Alinisikiliza huku anakung'uta bomba kwenye gumboti.

"Kwa hiyo, yeyo," akasema, "umekuja kumnyang'anya Mungu?"

Alisema kwa utani, macho yanacheka kabisa. Lakini lilinichoma moyoni. Kwa sababu ndilo swali nililokuwa nimetembea nalo njia nzima. Kitu ukishakitoa mbele ya madhabahu, kikaombewa, si chako tena. Nikikirudisha, halafu Jumamosi likatokea neno ziwani?

"Nimekuja kubadilishana," nikasema. Nikampa kipande cha mpira. Akakipima kwenye shingo ya chupa, kikaingia sawasawa, akaridhika. Nikampa na kuku.

Akamwangalia kuku. "Na huyu naye anapumulia majini?"

"Ni wa shukrani, mzee."

"Mimi mpira unanitosha. Huyu si wangu, yeyo. Mpeleke kwa yule uliyempa bomba kwanza, umwambie umebadilisha mawazo. Atakuelewa, ana watoto."

Nikarudi na bomba mkono mmoja, kuku mkono mwingine. Bomba nimeliosha kwa sabuni, kwa maji ya moto, kwa limau, kwa soda ya kuokea. Harufu ya dawa ya minyoo ikapungua, lakini haikuisha. Upendo alilinusa, akafumba macho. "Ahsante, Mama," akasema. "Nitakuwa mpiga mbizi wa kwanza asiye na minyoo."

Kuku nikamtenga chini ya kikapu, ametengwa kwa ajili ya Jumapili. Lakini Jumamosi ilikuwa inatangulia.

Na ndiyo leo.

Tumefika ziwani asubuhi na ukungu bado umekaa juu ya maji. Miti imezunguka pande zote, nyani wanapiga kelele juu, maji yametulia mno. Utulivu wa aina hiyo ndio ninaouogopa. Walikuwa wanafunzi wanne, wawili wawili. Wote wamevaa nguo nyeusi za mpira zinazobana, hadi kofia, kwa sababu maji ya huku kwetu ni baridi. Wakishavaa miwani huwezi kumtofautisha mtoto wa mtu na mtoto wa mtu mwingine. Kutoka kwa mbali wote ni vichwa vyeusi tu.

Upendo alijua nawaza nini. Akaja na mapezi ya kuvaa miguuni ameyashika mkononi, akapigapiga mfuko wa pajani. "Mrija uko hapa. Nikitokea nitauvaa, ndio nitakaorudi nao. Wewe usitafute sura, tafuta njano."

Baraka akapita nyuma yake. "Mama, shikamoo. Mimi nitafute kwa ndevu."

"Marahaba, mwanangu. Nenda huko."

Wakaingia. Kwanza viuno, kisha mabega, kisha mapovu tu. Mwalimu alikuwa kwenye boti ndogo ya makasia na msaidizi wake, wanafuata mapovu. Mimi na Baba Upendo tulikaa kwenye gogo. Alikuwa anatafuna kijiti akijifanya anaangalia ndege.

"Mama Upendo, acha kuhesabu mapovu. Utayamaliza."

"Wewe angalia ndege wako."

Baada ya muda upepo ukashuka kutoka mlimani. Mnajua ule upepo wetu, hauombi ruhusa. Ukungu ukakimbia, lakini maji yakaanza kukunjamana, viwimbi vidogo vidogo, na mapovu sikuyaona tena. Upande mmoja, vichwa viwili vikatokea. Nikasimama. Hakuna njano. Ni wale wenzao wawili. Boti ikawafuata.

Wa kwangu hawakutokea.

Sitaki kuwaficha nilichofanya. Niligeuka nikaangalia miti, nikasema kimoyomoyo, "Bwana, kama ni kwa ajili ya lile bomba, nikasirikie mimi. Yeye hakujua. Nilitoa mimi, nikarudisha mimi." Baba Upendo alikuwa ameacha kutafuna. Alinishika mkono hadharani, jambo ambalo hajalifanya tangu siku ya harusi, na hilo ndilo lililonitisha zaidi.

Halafu, kule mbali karibu na matete, upande ambao hakuna mtu aliyekuwa anaangalia, nikaona njano.

Kitu kidogo kama kijiti cha kiberiti. Kimesimama wima juu ya maji, kinasogea. Jamani! Nilipiga kigelegele, nyani wakanyamaza. Niliimba wimbo wenye neno moja tu, asante, asante, asante, na Baba Upendo akanishika kiuno nisije nikaingia majini na kitenge changu. Mwalimu naye akaona, boti ikageuka, lakini upepo ulikuwa unawapinga na walikuwa wameshajaza watu, kwa hiyo ile njano ikawa inakuja yenyewe, polepole, kichwa cheusi kimelala kifudifudi ndani ya maji. Inakuja. Inakuja. Ikafika pale kina kinapopungua, kichwa kikainuka, mkono ukavua miwani.

Kilikuwa na ndevu.

Wenzangu, sijui niandike nini hapa. Alikuwa Baraka. Mrija wa mwanangu uko mdomoni mwa mtoto wa mtu mwingine. Kwa muda ule mfupi niliona maisha yangu yote yaliyobaki, na hayakuwa marefu. Ninakumbuka nilimchukia yule kijana kwa kuwa hai, Mungu anisamehe, halafu papo hapo nikajichukia.

"Mama!" sauti ikaita. "Mama, niko hapa!"

Pembeni yake kidogo, kile nilichokuwa nimedhani ni gogo linaloelea kikapiga miguu. Upendo alikuwa amelala chali juu ya maji, koti limejaa hewa, uso unaangalia mbinguni kama mtu aliyelala kitandani anahesabu mbao za dari. Mkono mmoja umeshika mkanda wa koti la Baraka. Alikuwa anamvuta. Njia yote ile, alikuwa anamvuta, na mimi nilikuwa naimbia mrija.

Niliingia majini na kitenge. Baba Upendo hakunizuia. Alikuwa ameshatangulia na viatu.

Baadaye, tumekaa tumejifunika mablanketi, nimewamiminia uji kutoka kwenye chupa ya chai, ndipo wakaeleza. Chini kule sikio la Baraka lilimgomea. Likauma, kisha dunia ikaanza kumzunguka, hajui juu wala chini. Upendo akamshika, wakapanda polepole kama walivyofundishwa, wakatokea karibu na matete, mbali na boti. Hewa ya mtungi wa Baraka ilikuwa karibu kwisha kwa sababu alipumua kwa hofu. Akajilaza chali kama alivyotamba mezani kwangu, lakini kila akiangalia mawingu, mawingu yanazunguka, anatapika, na viwimbi vinampiga usoni. Hawezi. Akigeuka kifudifudi akaangalia chini, kizunguzungu kinapungua, ila kifudifudi utapumuaje? Ndipo Upendo akafungua mfuko wa pajani.

Yeye mwenyewe hakuuhitaji. Alirudi chali, bila bomba lolote, kama Baraka alivyosema inawezekana.

Mwalimu alimwangalia sikio, akamwambia aende hospitali leo leo na asiguse maji mpaka aruhusiwe. Baraka akaitikia kwa unyenyekevu ambao sijawahi kuuona kwake. Kisha Mwalimu akasema, "Haya. Niliwaambia kila mtu aje na sababu yake. Baraka, snokeli ina kazi au haina?"

"Mwalimu, sasa hivi niulize jina langu kwanza."

Watu wakacheka. Akageukia kwangu, amekunja uso. "Ila Mama, naomba nikuulize. Huu mrija una ladha ya nini?"

Upendo akaziba uso na blanketi.

"Dawa ya minyoo, mwanangu," nikasema. "Ya ndama."

Akafuta midomo. "Basi nashukuru. Nilikuwa nahitaji zote mbili, hewa na dawa."

Mwalimu akamuuliza na Upendo sababu yake. Nilidhani atatoa maelezo marefu kama yale ya mezani, ya mawimbi na boti na mtungi. Alikuwa anakamua nywele. "Nilidhani nabeba kwa ajili yangu," akasema, halafu akaomba uji mwingine.

Nilimwekea uji. Akiwa bado ameshika kikombe, amechuchumaa, maji yanamtoka kwenye nywele, niliweka mikono yangu miwili juu ya kichwa chake. Sikuwa nimepanga. Nilikuwa nimepanga kufanya nyumbani, sebuleni, kwa kitambaa cheupe mezani na baba yake amevaa koti. Nikambariki kwa Kichaga, kwa maneno ambayo mama yangu alinibariki nayo nilipokuwa naondoka kuja Arusha kuolewa. Hakuelewa yote, kizazi hiki Kichaga chao ni cha kubahatisha, lakini alielewa. Alilia kwenye uji. Baba Upendo akasema amina kubwa, viatu vyake vinatoa maji.

Kwa hiyo ataenda pwani. Nimeruhusu.

Bado najiuliza habari ya sadaka. Nilikitoa kile kitu bila heshima, nikakirudisha kwa hofu, kimepita kinywani mwa ndama, kikafika kwa kijana aliyekuwa anakidharau. Sijui Mungu anavyopanga mambo yake, na sitajifanya najua. Lakini leo nimeacha kuogopa kwamba nilimnyang'anya. Kesho asubuhi yule mtetea mwekundu anakwenda kanisani. Huyu namtoa kwa sababu inaniuma kumtoa. Anataga vizuri sana.

Na lile swali la vijana, kama mpiga mbizi abebe snokeli au asibebe? Mimi si mtu wa maji. Baraka alikuwa sahihi kwamba mtu anaweza kurudi bila hilo bomba, na Upendo alikuwa sahihi kulibeba. Nikiulizwa mimi, naona lisining'inie likasumbua, likae mfukoni kimya, kama kitambaa cha akiba kwenye pochi ya mama. Nimeshamshonea Upendo kifungo cha pili kwenye ule mfuko wa pajani.

Lakini mko wenzangu mnaosoma huku mna watoto au waume wanaofanya kazi baharini. Wa kwenu wanabeba? Wanaweka wapi? Niambieni na mimi nijue la kumwambia huyu kabla hajafunga begi. Anaondoka karibuni, kwa hiyo nawaomba mnijibu mapema.